Picha za CT za mbwa zimegeuza kushoto kuwa kulia: kosa la mashine, la fundi au la programu?

#1 DaktariPori
Wakuu heshima kwenu. Nina kesi naomba wenye uzoefu wa picha za CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili slaisi kwa slaisi) mnisaidie. Mbwa dume, mtu mzima, anatoka damu tundu la pua la KUSHOTO tu, kwa muda mrefu, antibayotiki zimepigwa hazijasaidia kitu. Mwenye mbwa akajibana akalipia CT kwenye hospitali ya watu, walitupokea usiku wagonjwa wakiwa wameisha. Tukapewa CD. Nimefungua kwa programu ya RadiAnt kwenye laptopu naona uvimbe uko KULIA, kushoto kweupe kabisa. Nikampakilia mwenzangu folda ileile, yeye anatumia Horos kwenye Mac, akanirudishia picha ya skrini uvimbe uko upande mwingine. Mbwa mmoja, folda moja, majibu mawili. Nataka kuchukua kinyama cha kupima na siwezi kuingia upande usio wake. Nani kakosea hapa?

#2 Jirani wa Mwenge
Nafuatilia. Sikujua mbwa anapigwa CT bongo hii.

#3 Slaisi_Nyembamba
Mkuu unaposema kulia unamaanisha kulia kwa skrini yako au kulia kwa mbwa? Picha ya CT unaitazama kama vile mgonjwa yuko mbele yako anakuangalia, kushoto kwake kunakuwa kulia kwako. Wengi wanapotelea hapohapo. Angalia herufi pembeni ya picha, R (kulia) na L (kushoto), usiangalie skrini.

#4 DaktariPori
@Slaisi_Nyembamba hilo nalijua mkuu. Kwangu herufi iliyo jirani na uvimbe ni R. Picha ya mwenzangu ameikata, herufi hazipo.

#5 Slaisi_Nyembamba
Basi hiyo picha ya mwenzako haina thamani yoyote, samahani lakini ni kweli. Picha ya skrini isiyo na herufi usimfanyie mtu maamuzi ya kisu. Mwambie afungue tena aache maandishi yote ya pembeni yaonekane.

#6 zamu_ya_usiku
Mimi ni mtaalamu wa mionzi, hospitali ya watu, na mbwa nimewahi kuwapiga. Niseme tatizo linapoanzia. Kabla ya kuanza, mashine inauliza mgonjwa amelalaje: kichwa kwanza au miguu kwanza, chali au kifudifudi. Kwa binadamu karibu wote ni kichwa kwanza chali, kwa hiyo ndicho kitu kinachokuja chenyewe na usiku ule mtu anabonyeza tu endelea. Mbwa sasa mara nyingi analazwa kwa tumbo, kifua chini. Mashine haina macho, inaamini ulichoandika. Ukiandika chali wakati mnyama yuko kifudifudi, herufi za kushoto na kulia ZINAGEUKA, na za mbele na nyuma pia. Fungua orodha ya tagi za faili, yaani maelezo yaliyoandikwa ndani ya kila picha, uangalie tagi 0018,5100. Ikisema HFS maana yake aliandikwa kichwa kwanza chali. Halafu uliza waliokuwepo alilalaje kweli.

#7 DaktariPori
Nimeangalia. HFS. Chumbani aliingia msaidizi wangu, mimi nilikuwa naandaa dawa ya usingizi ya kuongezea. Anasema mbwa alikuwa kwa tumbo, hilo ana uhakika nalo. Kichwa kilianza au makalio yalianza hakumbuki, meza ilikuwa inaingia na kutoka.

#8 mtoto_wa_kabete
Niaje wadau. Basi jibu limepatikana bana, kama alikuwa kwa tumbo na imeandikwa chali basi pande zimegeuka, uvimbe uko kushoto, inaenda na damu. Kesi imefungwa.

#9 Slaisi_Nyembamba
Haijafungwa kaka, soma post namba 7 vizuri. Kama aliingia makalio kwanza NA alikuwa kifudifudi, na mashine ikaandikiwa kichwa kwanza chali, hayo ni makosa mawili, na kila moja peke yake linageuza kushoto na kulia. Yakikutana yanafutana. Herufi za pande zinarudi kuwa sahihi, kinachobaki kimepinduka ni juu-chini na mbele-nyuma. Kwa hiyo R yake inaweza kuwa R ya kweli.

#10 mtoto_wa_kabete
Eeeh. Hiyo sikuwa nimeifikiria. Nimerudi nyuma.

#11 Mzee Kwato
Vijana shikamooni zenu nimezipokea hata kama hamjatoa. Mimi ni wa ng'ombe na mbuzi lakini niulize swali la kizamani: kabla ya kumpeleka kwenye hiyo tanuri mlimpima damu? Mbwa wetu wa huku wana kupe, na Ehrlichia, kijidudu kinacholetwa na kupe, inashusha chembe sahani mpaka mbwa anamwagika damu puani. Na kingine, ule uvimbe wa kuambukizana kwa kujamiiana, TVT, si lazima ukae sehemu za siri, mbwa ananusa mwenzake unaota ndani ya pua. Huo ukiuthibitisha ni vincristine, dawa ya saratani, kila wiki na mara nyingi unaisha bila kisu.

#12 DaktariPori
Shikamoo mzee. Chembe sahani zilikuwa sawa, kupe tulishamtibu. TVT ipo kichwani mwangu ndiyo maana nataka kinyama, pamoja na ukungu wa Aspergillus na saratani za kawaida. Vimifupa vyembamba vya ndani ya pua vimeliwa upande huo, kwenye mpangilio wa mfupa inaonekana wazi.

#13 mwanafunzi_moro
Samahani wakubwa, niko mwaka wa nne. Kwa nini msiangalie viungo vyenyewe badala ya herufi? Tulifundishwa figo ya kushoto ya mbwa iko nyuma zaidi kuliko ya kulia, wengu kushoto, mshipa mkubwa wa vena uko kulia kwa aota. Hivyo havidanganyi.

#14 Slaisi_Nyembamba
Safi sana mdogo wangu, kwa tumbo na kifua hiyo ndiyo dawa. Tatizo huyu kapigwa kichwa peke yake. Pua kushoto na kulia zinafanana, hakuna kiungo cha kukuambia.

#15 FundiSeva
Mimi si daktari, ni mtu wa mitambo, nawafungia kliniki mifumo ya picha. Hapa namsahihisha @Slaisi_Nyembamba kidogo: hahitaji kiungo. Atengeneze 3D ya mfupa, RadiAnt inayo, Horos inayo, 3D Slicer ni ya bure na inayo. Aizungushe fuvu limtazame usoni, mwamba wa pua juu, taya la chini chini. Sasa kushoto kwa mbwa ni kulia kwake anayetazama, basi. Ukishajua juu ni wapi na mbele ni wapi, kushoto hakuna pa kukimbilia. Herufi zote ziandikwe vibaya, bado umbo halidanganyi. Sharti ni moja, faili lisiwe limegeuzwa kama kioo mahali fulani njiani.

#16 Slaisi_Nyembamba
Hiyo ni kweli, nakubali. Ila sharti lako ndilo lenye mtihani.

#17 DaktariPori
Nimefanya sasa hivi. Kwa 3D, uvimbe uko KUSHOTO kwa mbwa. Nimeshusha pumzi kidogo.

#18 zamu_ya_usiku
Usishushe yote. Mlipewa CD iliyotoka kwenye mashine yenyewe au kwenye kompyuta ya pili ya kusomea picha? Kwa ile ya pili kuna mtu anaweza kubonyeza kugeuza picha ili mgongo ukae juu, akahifadhi upya kama picha za kunakili, halafu hizo ndizo zikachomwa. Kuna vitu viwili watu wanavichanganya. KUZUNGUSHA nyuzi 180 hakuharibu kitu, kulia na kushoto vinahama pamoja na juu na chini. KUPINDUA juu-chini kunakupa kioo. Kwenye skrini zote mbili mgongo uko juu na mtu anaona ni kitu kilekile. Wanaopiga wanyama wanapindua sana kwa sababu mbwa anatokea na mwamba wa pua chini.

#19 FundiSeva
Sahihi kabisa. @DaktariPori angalia kama faili zako zina tagi 0020,0032 na 0020,0037. Ya kwanza inasema slaisi iko wapi, ya pili inasema mistari ya picha inaelekea wapi. Zikiwepo zote, na thamani ya ile ya kwanza inabadilika slaisi kwa slaisi, kuna matumaini. Zisipokuwepo, programu inapanga slaisi kwa namba au kwa jina la faili, ikianzia nyuma kwenda mbele 3D yako yote ni kioo na hutajua.

#20 DaktariPori
Zipo zote mbili. Ila CD ina mafungu mawili. Moja slaisi za milimita 5, zina hizo tagi. Lingine maelezo yake yameandikwa picha ya kunakili, halina. Mwenzangu sijui alifungua lipi.

#21 mtoto_wa_kabete
Hapo sasa. Pengine hata hakuna siri, yeye alifungua lile lingine. Au aliangalia kwa mwonekano ule wa kukata upya pande tatu, programu nyingi zikifika hapo zinaweka picha kwa mpangilio wa binadamu bila kujali zilivyohifadhiwa, wewe uko kwenye mwonekano wa kawaida wa slaisi. Mbwa wa kifudifudi anaweza kukaa pande tofauti za skrini na hakuna aliyekosea, ndiyo maana @Slaisi alilia na herufi toka mwanzo.

#22 mke_wa_baharia
Naombeni nichomekee swali langu, nina paka tu sina udaktari. Nilipiga CT ya paka wangu nikapewa CD, laptopu yangu haina mlango wa CD. Nikaenda stesheneri wakanihamishia kwenye flashi, kufungua naona mafaili hayana hata mwisho wa jina, I0, I1, I2 hivyo. Nikatuma moja moja WhatsApp kwa daktari akasema hayafunguki. Nifanyeje?

#23 FundiSeva
Dada usitume moja moja. Chukua folda YOTE ya CD pamoja na lile faili linaitwa DICOMDIR, libane liwe zip moja, halafu tuma kama DOKYUMENTI siyo kama picha. WhatsApp inapokea dokyumenti hadi GB 2 na haiigusi ndani. Hesabu ya ukubwa ni rahisi: slaisi moja ni nukta 512 kwa 512, kila nukta baiti mbili, inakuja karibu nusu MB. Slaisi 400 ni MB 200 hivi, ukibana inashuka. Tumia bando la usiku.

#24 Jirani wa Mwenge
Kwani akipiga picha kioo cha kompyuta kwa simu akatuma si inatosha? Madaktari wangu mimi wananifanyia hivyo hivyo.

#25 Slaisi_Nyembamba
Haitoshi ndugu yangu, na hili linaniuma kwa sababu mnyama analipiwa hela nyingi halafu kinachofika kwa msomaji ni kivuli. CT inabeba kipimo cha uzito wa kila nukta, kwa vizio vya Hounsfield: hewa ni -1000, maji 0, nyama laini arobaini hamsini, mfupa mamia mpaka kupita elfu. Skrini haiwezi kuonyesha yote kwa mara moja, kwa hiyo unachagua dirisha, la mfupa au la mapafu au la nyama. Faili la asili lina ngazi zaidi ya elfu nne, JPEG ina 256. Ukinitumia picha ya simu umeshanichagulia dirisha na mengine umeyatupa. Uvimbe wa pua unataka dirisha la mfupa NA la nyama, kimoja hakitoshi.

#26 mwanafunzi_moro
Na huyo Hounsfield, aliyebuni CT, alipata Nobel 1979 pamoja na Cormack wa Afrika Kusini, mzaliwa wa Johannesburg. Nimeona niongeze, Afrika imo humu.

#27 Mzee Kwato
Umeongeza vyema kijana. Sasa rudi ukasome patholojia.

#28 mtoto_wa_kabete
Naongeza moja ya huku Nairobi kwa wanaosema CT ni anasa. Tuna minyoo ya Spirocerca lupi, mbwa anaipata kwa kula mbawakawa wa kinyesi au kitu kilichowala, inatengeneza vinundu kwenye umio. Nilikuwa na mbwa anatapika tu, eksirei ikawa na kivuli kisichoeleweka. CT ikaonyesha kinundu, aota imechakaa ukutani, na pingili za mgongo zimeota mfupa chini yake. Kesi ya namna hiyo nilitaka isomwe na mtaalamu aliye nje, na kilichotuchelewesha siyo ujuzi, ni kutuma faili. Hospitali iliyopiga ilinipa ripoti ya karatasi na shiti mbili za filamu!

#29 FundiSeva
Kwa kliniki zinazopokea CT mara kwa mara nashauri Orthanc, programu ya seva ya kuhifadhi picha. Ni ya bure, ilizaliwa Liège Ubelgiji, inakaa hata kwenye kompyuta ya kawaida ya ofisini. Mashine inaisukumia picha, wewe unafungua kwa brauza, mtaalamu wa nje unampa nywila yake anaangalia bila kupakua CD nzima. Angalizo moja kubwa: USIIWEKE wazi kwenye intaneti hivihivi. Pitia VPN, au weka mbele yake seva yenye HTTPS na nywila za maana. Watu wanafungua mlango wake wa mtandao namba 8042 kwa dunia nzima halafu wanalala.

#30 Jirani wa Mwenge
Picha ya pua ya mbwa nani ataiiba jamani 😂

#31 zamu_ya_usiku
Mbwa hana shida, mwenye mbwa ndiye jina lake na simu yake viko ndani ya hizo faili. Kenya ina sheria ya taarifa binafsi ya 2019 na Tanzania ya 2022, mbwa hahusiki ila bosi wake anahusika. Kabla ya kutuma nje tumia kile kipengele cha kuondoa majina, programu nyingi zinacho. Ila acha namba ya kesi, spishi na umri, ukifuta vyote msomaji hajui anasoma nini.

#32 Slaisi_Nyembamba
Na majina yenyewe yana utaratibu. DICOM, kanuni ya kimataifa ya mafaili ya picha za hospitali, kwa wanyama inataka jina la ukoo la mwenye mnyama litangulie, kisha jina la mnyama. Kuna na tagi za spishi, aina ya mbegu, mtu anayehusika, hata kama amehasiwa. Mashine za hospitali za watu hazikuulizi hayo. Nimeona mbwa kaandikwa SIMBA, mwanaume, na Simba ni jina la ukoo la watu kabisa. Wakigongana namba ya mgonjwa, kwenye kabati la picha la hospitali faili la mbwa linaingia ndani ya faili la binadamu.

#33 zamu_ya_usiku
Sisi tunatanguliza VET kwenye namba ya kila mnyama. Hatujagongana tena.

#34 mke_wa_baharia
Asante @FundiSeva, zip imefika, daktari amefungua kwa programu ya Weasis. Mungu akubariki.

#35 DaktariPori
Nimerudi wakuu, na nimerudi na jipya. Kwenye picha nimeona chonge la juu lililovunjika, liko upande uleule wa uvimbe. Nikafungua kadi ya mbwa ya kliniki, imeandikwa chonge la juu la KULIA limevunjika. Kwa hiyo 3D inasema kushoto, damu inasema kushoto, jino linasema kulia.

#36 mtoto_wa_kabete
Kadi aliandika nani? Mtu anayemwangalia mbwa usoni anaandika kulia kwake yeye. Mimi naamini 3D.

#37 Slaisi_Nyembamba
Mimi naamini jino. Sisemi kadi, nasema jino lenyewe. Hilo halitegemei tagi wala programu. Na damu isikushawishi sana, uvimbe ukiziba upande mmoja kabisa damu inaweza kurudi nyuma kooni ikatokea tundu la pili. Kama jino ni la kulia kweli basi hata lile fungu lenye tagi limeshapita kwenye kioo.

#38 FundiSeva
Fungu lenye tagi zote mbili kuwa kioo ni kazi ngumu, ingebidi mtu ageuze nukta na tagi zisijue. Sisemi haiwezekani. Naona kadi ndiyo imekosea.

#39 zamu_ya_usiku
Programu mbovu ya kunakili inaweza, nimekutana nayo. Inageuza nukta inaacha tagi za zamani.

#40 Mzee Kwato
Mnabishana kuhusu jino la mbwa aliye hai. Si afunguliwe mdomo?

#41 DaktariPori
Mzee umesema. Mwenye mbwa yuko safarini, anamleta akirudi. Nitamfungua mdomo kabla ya kitu chochote na nitaleta majibu hapa.

#42 mwanafunzi_moro
Na siku nyingine, je, mtu akibandika kitu shavuni kabla ya kupiga? Kama bomba dogo la sindano lenye tone la dawa ya kontrasti, plasta upande wa kulia tu.

#43 Slaisi_Nyembamba
Mdogo wangu hiyo ifanyike kila kichwa cha mbwa kinapoingia CT. Kila kimoja. Haigharimu kitu.

#44 zamu_ya_usiku
@DaktariPori usisubiri mwenye mbwa kwa jambo moja. Ulisema fungu lenye tagi ni la milimita 5. Mashine inakuwa imetengeneza na slaisi nyembamba, za milimita moja au chini, na hizo kwa kawaida zinabaki kwenye mashine yenyewe bila kupita kwenye kompyuta ya pili. Diski ikijaa zinafutwa zenyewe, za zamani kwanza. Piga simu leo, omba fungu jembamba moja kwa moja kutoka kwenye mashine, uwape tarehe na jina waliloandika siku ile. Ukilipata tutalinganisha na la CD, tujue kama kuna kioo.

#45 DaktariPori
Napiga sasa hivi.